Usaili wa kazi

Usaili wa kazi ni hatua ya ajira ambapo mwajiri, au chombo kinachoajiri kwa niaba yake, humpima mwombaji kwa mtihani, maswali ya ana kwa ana au kazi ya vitendo ili kuamua kama anafaa kupewa nafasi iliyotangazwa. Nchini Tanzania usaili wa nafasi nyingi za serikali husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mashirika, kampuni na shule binafsi husaili kwa taratibu zao wenyewe.

Makala hii inahusu hasa maandalizi ya usaili, kwa mifano kutoka mkoa wa Tabora. Mji huo ulikuwa njiapanda ya misafara katika karne ya 19, na hadi leo vijana wake wengi husafiri mbali kutafuta kazi. Maandalizi hayo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Wapo wasailiwa wanaoshindwa na maswali, lakini wapo pia wanaorudishwa mlangoni kabla ya kuulizwa lolote, kwa sababu ya karatasi.

Jina

Neno usaili linatokana na kitenzi kusaili, yaani kuuliza maswali kwa nia ya kupata ukweli. Asili yake ni Kiarabu, na lina undugu na neno swali. Anayeuliza ni msaili, anayeulizwa ni msailiwa, na wasaili wanaokaa pamoja huitwa jopo. Katika matangazo mengi neno hili huandikwa "usahili". Hilo ni kosa la tahajia lililozoeleka: sahili maana yake ni rahisi, kama katika sentensi sahili inayofundishwa darasani, na aliyewahi kukaa mbele ya jopo anajua kwamba urahisi haupo pale. Mitaani watu husema "intavyuu" au mahojiano. Kwa maana kamili, mahojiano ni sehemu moja tu ya usaili, ile ya mdomo.

Historia

Kuajiri watu wengi kwa wakati mmoja ni jambo la zamani Tabora. Katika karne ya 19 mji huo, ulioitwa pia Kaze na uliokuwa katika nchi ya Unyanyembe, ulikuwa kituo kikuu cha njia iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo. Hapo njia iligawanyika: moja ilielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Nguo, shanga na bunduki ziliingia bara kwa mabega ya watu, na pembe za ndovu zilitoka kwa njia hiyohiyo. Wapagazi waliojulikana zaidi walikuwa Wanyamwezi, ambao kwa kawaida waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Kwa kijana wa Kinyamwezi, kufika pwani na kurudi kulikuwa sehemu ya kuhesabiwa mtu mzima.

Pagazi hakuulizwa cheti. Kipimo chake kilikuwa mzigo wenyewe, ambao kwa kawaida ulikuwa na uzito wa frasila mbili hivi, yaani takribani kilo 32, na safari ya kwenda pwani ilichukua miezi. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, alitakiwa kuwa na zaidi ya nguvu. Ilimpasa kujua njia na visima, kuelewa lugha na desturi za nchi watakazopita, na kujua mahali ambapo hongo ingedaiwa. Sifa zake zilitajwa na watu waliowahi kusafiri naye. Wapagazi nao hawakukubali kila walichoambiwa. Walijadiliana juu ya ujira, posho ya kila siku na uzito wa mizigo, na msafara uliojulikana kwa njaa au kwa kiongozi mkatili ulipata taabu kuwapata watu.

Mfano unaojulikana ni wa mwaka 1872. David Livingstone alibaki Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi mitano akiwasubiri wapagazi. Henry Morton Stanley, aliyeachana naye mwezi Machi na kwenda pwani, ndiye aliyewachagua watu hao zaidi ya 50, na baadhi yao walikuwa wamesafiri naye katika msafara wake wa kwanza. Walifika Kwihara mwezi Agosti. Mwaka uliofuata Livingstone alipofariki, watu hao pamoja na watumishi wake wa zamani Susi na Chuma waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia tena Unyanyembe. Nyumba ya tembe ya Kwihara ni makumbusho leo.

Wakati wa utawala wa Wajerumani reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa masafa marefu ukafifia. Kazi mpya zilikuwa za boma, za reli na za shule, nazo zilitaka mtu anayejua kusoma na kuandika. Waingereza walifungua Shule ya Serikali ya Tabora katika miaka ya 1920, na miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wana wa watemi walioandaliwa kwa kazi za utawala. Hapo ndipo cheti na barua ya mwalimu mkuu vilipochukua nafasi ya bega na ya ushuhuda wa wasafiri wenzako.

Baada ya uhuru mwaka 1961 nchi ilikuwa na wasomi wachache kuliko nafasi. Kwa miaka mingi aliyehitimu chuo alipangiwa kazi moja kwa moja, akapewa barua na hati ya usafiri, akaenda kuripoti. Kizazi hicho hakikujua usaili, na hii ni sababu mojawapo ya wazee wengi kushindwa kuwaelekeza watoto wao. Mzazi aliyepangiwa kazi bila kuhojiwa huona ni uzembe kijana kukaa nyumbani miaka minne akiwa na shahada.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990, serikali ilipopunguza wafanyakazi. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 iliweka msingi wa ajira kwa ushindani wa wazi, na marekebisho yake ya mwaka 2007 yakaanzisha Sekretarieti ya Ajira. Walimu wa shule za serikali waliendelea kupangiwa vituo bila usaili kwa muda mrefu zaidi, hadi nao walipoingizwa katika utaratibu huo miaka ya karibuni.

Ukubwa wa ushindani ulionekana wazi mwezi Juni 2014. Waombaji zaidi ya 10,000 walifika katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za viti vya uwanja vilivyojaa vijana wenye bahasha zilisambaa nchi nzima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na walioitwa kwenye mtihani wa mchujo walizidi 100,000.

Vyeti na majina

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira hurudia masharti yaleyale karibu kila mara. Msailiwa hutakiwa kufika na kitambulisho kinachotambulika, kama vile cha taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti. Hutakiwa pia kuwa na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita hadi stashahada au shahada, kulingana na sifa za nafasi aliyoomba. Hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti, wala barua ya chuo inayosema kwamba cheti kinaandaliwa. Aliyesoma nje ya nchi anapaswa kuwa na uthibitisho wa ulinganifu kutoka mamlaka husika: NECTA kwa elimu ya sekondari, TCU kwa shahada, na NACTVET kwa vyuo vya kati. Wenye taaluma zilizo chini ya bodi, kama wauguzi na wahandisi, huongeza cheti cha usajili na leseni ya kufanya kazi.

Ukali huu una sababu. Katika uhakiki wa vyeti ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli mjini Dodoma mwezi Aprili 2017, watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi na wakaondolewa kazini. Tangu hapo mkaguzi wa mlangoni hana nafasi ya kumhurumia mtu aliyesahau cheti nyumbani, hata kama ametoka Kaliua kwa basi la usiku.

Jambo linalowaumiza waombaji wengi wasio na hatia ni majina. Mtoto wa Tabora anaweza kuwa na jina la nyumbani, kama Kulwa au Doto kwa mapacha, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la baba au la babu, na kila ofisi ikaandika lake. Shule ya msingi imemwandika Yohana Kulwa, cheti cha kidato cha nne kinasema John Kulwa Masanja, na kitambulisho cha taifa kinasema John Massanja. Ramadhani hupoteza i ya mwisho, na Abdallah hupungukiwa l moja. Herufi r na l ndizo zinazosumbua zaidi katika eneo hili, kwa kuwa hata mtemi maarufu wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, huandikwa Mirambo na wengine na Milambo na wengine. Kwa mwanahistoria hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye vyeti viwili vinavyotofautiana herufi moja, ni swali ambalo lazima liwe na jibu la maandishi.

Jibu hilo ni hati ya mabadiliko ya majina iliyosajiliwa kisheria, inayotayarishwa kwa msaada wa wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Wengi huichanganya na hati ya kiapo ya kawaida inayogongwa muhuri mahakamani kwa siku moja. Matangazo ya Sekretarieti hutaja ile iliyosajiliwa, na kuipata huchukua muda. Anayeanza kuishughulikia baada ya jina lake kutoka kwenye orodha ya usaili mara nyingi amekwisha kuchelewa.

Njia nyepesi zaidi ni kusahihisha jina mapema. Kabla ya usajili wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mkuu wa shule anaweza kufuatilia marekebisho ya jina la mwanafunzi. Baada ya cheti kuchapishwa, kazi huwa kubwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayekilinganisha cheti chake cha kuzaliwa na orodha ya shule ameshaanza kujiandaa kwa usaili, ingawa hana habari. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, na asiyekuwa nacho anaweza kukiomba akiwa mtu mzima kwa kupeleka vielelezo vya kuzaliwa kwake.

Cheti kilichopotea au kuliwa na mchwa, jambo la kawaida katika nyumba za udongo, hutolewa taarifa polisi kwanza, kisha NECTA au chuo kilichokitoa. Familia nyingi hutunza vyeti ndani ya sanduku la bati. Wengine huvibandika plastiki ya moto, na hilo si jambo zuri kwa hati halisi, kwa kuwa huwa vigumu kukagua alama zake za usalama.

Kusoma tangazo

Tangazo la nafasi ya serikali hutaja jina la nafasi, majukumu, sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Waombaji husoma sifa ili kujua kama wanaruhusiwa kuomba, husoma mshahara kwa sababu zinazoeleweka, na majukumu huyapitia haraka. Lakini majukumu ndiyo yanayozaa maswali. Wasaili hawana sababu ya kutafuta maswali mbali wakati orodha ya kazi wanayotaka ifanyike iko mezani.

Mfano mzuri ni nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, ambayo halmashauri kama Sikonge, Uyui na Kaliua huitangaza mara kwa mara. Tangazo lake husema kwamba mtendaji ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji, husimamia ulinzi na usalama wa raia na mali zao, huratibu mipango ya maendeleo, na ni katibu wa mikutano ya kijiji. Kila kifungu hapo ni swali. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inasema wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Ng'ombe wameingia katika shamba la tumbaku na wananchi wamekusanyika na mapanga, mtendaji afanye nini kwanza? Anayejibu kwamba "atatumia hekima" hajajibu. Anayeeleza atampigia nani simu, namna atakavyowatenganisha watu, jinsi uharibifu utakavyokadiriwa, na lini suala litapelekwa kwenye baraza la ardhi na lini litapelekwa polisi, ameonyesha kwamba anaijua kazi.

Nyenzo za kusomea huhitaji tahadhari. Vitini vinavyouzwa kwenye vibanda vya steshenari na kusambazwa kwa simu mara nyingi vimepitwa na wakati. Vingi bado vinafundisha mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji wa watumishi, ulioanza mwaka 2004, ilhali serikali imehamia mfumo wa PEPMIS. Ni salama zaidi kusoma sheria zenyewe, hasa Sheria ya Utumishi wa Umma (Sura ya 298) na kanuni za maadili ya utumishi, pamoja na tovuti ya taasisi inayoajiri.

Mchujo na vitendo

Waombaji wanapokuwa wengi, hatua ya kwanza ni usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Kiwango cha kupita kwa kawaida ni alama 50 kwa 100. Hata hivyo nafasi ni chache, na mwenye alama za kupita bado anaweza kuachwa kwa sababu wengine wamemzidi. Zamani karibu mitihani yote ilikuwa ya karatasi, mingi ikifanyika Dodoma au Dar es Salaam. Katika miaka ya karibuni Sekretarieti imeanza kusaili mikoani na kutumia kompyuta katika baadhi ya mitihani. Mabadiliko hayo yamewapunguzia watu wa Tabora gharama ya safari, lakini yameleta shida nyingine: msailiwa ambaye hajawahi kushika kipanya hutumia dakika za mtihani kujifunza mashine. Kwake, saa chache za mazoezi kwenye chumba cha intaneti mjini zina faida kuliko kitini kizima.

Usaili wa vitendo ni kwa kazi zinazoonekana kwa macho. Dereva huendesha gari mbele ya mkaguzi, na mara nyingi huulizwa pia ukaguzi anaoufanya kabla ya kuliwasha. Fundi hupewa kifaa kibovu. Kwa makatibu mahsusi, matangazo kwa miaka mingi yametaka hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja, pamoja na ujuzi wa kompyuta. Tabora ina historia ndefu katika kada hii, kwa kuwa Chuo cha Uhazili kilikuwa hapo, na sasa ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Shule binafsi nazo humtaka mwalimu afundishe kipindi cha majaribio mbele ya wanafunzi halisi. Mwalimu aliyezoea kuzungumza na ubao hugundulika ndani ya dakika tano, hata kama cheti chake kina daraja la kwanza.

Usaili wa aina hii ndio unaofanana zaidi na ule wa misafara.

Mahojiano

Mahojiano huchukua muda mfupi, na swali la kwanza karibu kila mara ni kujieleza. Kosa la kawaida ni kusimulia maisha tangu kuzaliwa, idadi ya ndugu na kijiji cha mama. Jopo linataka kujua mambo matatu: mwombaji amesoma nini, amefanya nini, na hayo yanahusianaje na nafasi iliyo mezani. Dakika mbili zinatosha. Asiye na uzoefu wa ajira anaweza kutaja kazi alizofanya kweli, kama vile kujitolea katika shule ya kata, kuandika hesabu za chama cha msingi cha ushirika wakati wa masoko ya tumbaku, au kusimamia mizinga ya nyuki ya familia. Kazi ya karani wa mizani ina mengi ya kuelezwa kuhusu uaminifu na kumbukumbu, na ni ajabu jinsi vijana wengi wanavyoificha wakidhani haina hadhi.

Suala la salamu huwatia wengi wasiwasi. Kijana aliyelelewa Tabora hawezi kupita mbele ya mkubwa bila kumwamkia, na katika baadhi ya familia za Kinyamwezi na Kisukuma msichana hupiga magoti. Katika chumba cha usaili magoti hayahitajiki. "Shikamooni" kwa jopo la watu wazima si kosa, na "habari za asubuhi" inatosha pale wasaili wanapokuwa na umri unaokaribiana na wa msailiwa. Baada ya hapo husubiri kuonyeshwa kiti. Vilevile, kuinamisha macho ni adabu nyumbani, lakini wasaili wengine hukuchukulia kuwa ni woga au kuficha jambo. Kumtazama anayeuliza wakati wa kujibu ni mazoea yanayohitaji kujifunza, na rafiki mmoja wa kujifanya jopo anatosha kwa zoezi hilo.

Lugha hutegemea kada. Nafasi za maafisa mara nyingi husailiwa kwa Kiingereza, na msailiwa aliyekwama anaweza kuomba kwa heshima aendelee kwa Kiswahili. Jopo linaweza kukubali au kukataa, ila jibu kamili kwa Kiswahili lina thamani kuliko jibu lililokaririwa kwa Kiingereza na kukatika katikati. Kusema "sijui" kwa swali moja si mwisho wa dunia. Kubuni kifungu cha sheria ambacho hakipo ni hatari zaidi, kwa sababu mmoja wa wasaili kwa kawaida ni mtaalamu wa fani hiyo.

Mavazi yanayofaa ni nadhifu na ya heshima. Serikali ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi mwaka 2007, na kuufuata kunatosha. Suti ya kuazima isiyomkaa mtu vizuri humsumbua mwenyewe kuliko inavyowafurahisha wasaili. Mwishoni msailiwa huulizwa kama ana swali. Wengi husema hawana, ingawa hapo ndipo mwombaji, kama wapagazi wa zamani, anapoweza kuuliza kuhusu mazingira ya kituo, vitendea kazi na mafunzo.

Safari na gharama

Matangazo husema wazi kwamba kila msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa mtu wa kijijini Sikonge anayeitwa Dodoma, hiyo ni nauli ya kufika Tabora mjini, nauli ya basi au treni kupitia Manyoni, kulala usiku mmoja au miwili, na pesa ya akiba endapo ratiba itasogezwa. Reli ya Kati inapita karibu na njia ya zamani ya misafara, ila msafiri wa leo hana posho ya msafara. Familia nyingi huuza mbuzi, hukopa kwenye vikoba au huchangishana. Inapotokea kijana akarudishwa mlangoni kwa sababu ya jina, hasara ni ya ukoo mzima, na safari ya pili huwa ngumu kuchangiwa.

Kufika siku moja kabla ni ulinzi mkubwa kuliko wote. Anayefika asubuhi ileile hana nafasi ya kutafuta jengo, kutoa nakala wala kupumzika. Ni vyema pia kuangalia mkoa alioandika katika akaunti yake ya maombi, kwa kuwa kituo cha usaili kinaweza kupangwa kwa kufuata taarifa hizo.

Haki za mwombaji

Kuomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi. Mtu anayepiga simu akidai pesa ili "kuweka jina vizuri" ni tapeli au mla rushwa, na taarifa hupelekwa TAKUKURU kwa simu ya bure 113. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na wanaotafuta kazi ni miongoni mwa wanaolengwa sana na rushwa hiyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi katika ajira, ikiwa ni pamoja na dhidi ya mwombaji, kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na virusi vya UKIMWI. Mwanamke anayeulizwa na mwajiri binafsi kama anatarajia kuzaa karibuni anaweza kulirudisha swali kwenye kazi, kwa kusema yuko tayari kutekeleza majukumu yaliyotangazwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Mwombaji asiyeona, kiziwi au anayetumia kiti cha magurudumu hushauriwa kueleza mahitaji yake mapema wakati wa maombi, ili chumba na mtihani viandaliwe.

Baada ya usaili

Majina ya waliofaulu hutolewa kwa tangazo la kuitwa kazini, na barua za kupangiwa vituo hupatikana katika akaunti zao. Waliofaulu wakakosa nafasi huingizwa katika kanzidata kwa kipindi maalumu na wanaweza kuitwa nafasi ya kada hiyo inapopatikana. Kwa hiyo kubadilisha namba ya simu bila kuirekebisha kwenye akaunti ni kosa la gharama kubwa. Kituo kinaweza kuwa popote nchini. Aliyepangiwa huripoti kwa mwajiri ndani ya muda uliotajwa kwenye barua, akiwa na vyeti halisi, ambavyo hukaguliwa kwa mara nyingine kabla ya kukabidhiwa barua ya ajira.